Hundi Kubwa na Bei ya Barakoa: Wajibu wa Kampuni Katika Janga la Korona

Kampuni inapotoa msaada wakati wa janga la afya ya umma, jambo la kwanza kutangazwa huwa ni kiasi cha fedha, la pili ni jina la mtoaji, na la tatu ni picha ya hundi kubwa ya karatasi ngumu iliyoshikwa na watu wanne waliovaa barakoa. Mambo ambayo mwananchi angefaidika zaidi kuyajua, yaani fedha hizo ziliingia katika akaunti gani, zilinunua nini, kwa bei gani na kutoka kwa nani, hutajwa mwishoni au hayatajwi kabisa. Kenya ya mwaka 2020 inafaa sana kuchunguzwa kwa sababu hiyo, kwani katika miezi ileile ambayo sekta binafsi ilikuwa ikichanga fedha za kupambana na Covid-19, baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wakiiuzia serikali vifaa vya kujikinga kwa bei ambazo baadaye Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alizihoji. Utoaji ulishangiliwa hadharani, uuzaji ukafanyika ofisini, na ni nadra mambo hayo mawili kuwekwa katika jedwali moja.

Dhana ya wajibu wa kampuni kwa jamii ina historia ndefu ya mabishano. Mwaka 1970 mwanauchumi Milton Friedman aliandika katika jarida la gazeti la New York Times kwamba wajibu wa biashara ni kuongeza faida yake ndani ya kanuni za ushindani usio na udanganyifu, na kwamba meneja anayegawa fedha za kampuni kwa hisani anagawa mali ya wanahisa bila idhini yao. Mwaka 1984 msomi R. Edward Freeman alijenga hoja nyingine kwa kuwaweka mbele wadau, yaani watu wote wanaoguswa na shughuli za kampuni, wakiwamo wafanyakazi, wateja, wauzaji wa malighafi na majirani wa kiwanda. Sheria ya Makampuni ya Kenya ya mwaka 2015, katika kifungu cha 143, imechukua njia ya kati: mkurugenzi anatakiwa aendeleze mafanikio ya kampuni kwa manufaa ya wanahisa, lakini anapofanya hivyo azingatie pia maslahi ya wafanyakazi, uhusiano na wateja na wauzaji, na athari za kampuni kwa jamii na mazingira. Utawala, kwa maana inayotumika hapa, ni jumla ya taratibu zinazoamua nani ana mamlaka ya kutumia fedha, nani anamkagua na nani anaweza kumhoji, na maana hiyo inahusu bodi ya kampuni kama inavyohusu wizara.

Nchini Kenya dhana hii ilikuta utamaduni uliokwisha kuwapo. Harambee, iliyohimizwa na Rais Jomo Kenyatta tangu uhuru, ilijenga shule, zahanati na miradi ya maji kwa michango ya wananchi, lakini baadaye ikageuka pia kuwa jukwaa la wanasiasa kuonyesha ukwasi ambao chanzo chake hakikuulizwa, hadi Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ikawawekea maafisa hao mipaka katika kuchangisha. Tabia moja ya harambee imedumu: jina na kiasi husomwa kwa sauti, makofi hupigwa, na habari ya risiti huachiwa kamati. Mfanyabiashara aliyelelewa katika utamaduni huo hushangaa anapoulizwa maswali baada ya kutoa, na pengine ana haki ya kushangaa, kwa kuwa siku zote alikuwa akipewa shukrani tu.

Mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020 na Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe. Tarehe 25 Machi Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kafyu ya nchi nzima pamoja na nafuu za kodi, na mwishoni mwa mwezi huo ukaundwa Mfuko wa Dharura wa Covid-19 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Bodi ya mfuko huo iliongozwa na Jane Karuku, aliyekuwa wakati huo mkurugenzi mtendaji wa Kenya Breweries, na ilijaa watu wenye uzoefu wa kuendesha kampuni kubwa. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake, kwani wachangiaji wakubwa walikuwa kampuni na matajiri binafsi, nao wangeamini zaidi bodi ya watu wa tabaka lao kuliko idara ya wizara. Kwa upande mwingine, mfuko uliozaliwa kwa kanuni za fedha za umma ni mfuko wa umma hata kama kila shilingi iliyoingia ilitoka mfukoni mwa mtu binafsi; ibara ya 229 ya Katiba inampa Mkaguzi Mkuu mamlaka ya kuukagua, na ibara ya 35 inampa raia haki ya kuomba taarifa zake. Tofauti hiyo ya kisheria ni muhimu kuliko inavyoonekana, maana mchangiaji akishatoa hawezi tena kudai kwamba matumizi ya mchango wake ni siri kati yake na bodi.

Kabla ya kuupima ukarimu huo, inafaa kutazama fedha zilizokwenda upande wa pili. Katika tangazo lile la tarehe 25 Machi, lililothibitishwa na Bunge mwezi Aprili kwa marekebisho ya sheria za kodi, kodi ya mapato ya kampuni ilishushwa kutoka asilimia 30 hadi 25, kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, na wafanyakazi wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi wakasamehewa kodi ya mshahara. Hesabu yake ni nyepesi: kampuni yenye faida ya shilingi bilioni 10 kabla ya kodi iliachiwa shilingi milioni 500 kwa kila mwaka mzima ambao kiwango hicho kingedumu. Kampuni kama hiyo ikitoa hundi ya shilingi milioni 100 mbele ya kamera, imerudisha sehemu moja kati ya tano ya kile ambacho hazina iliiachia kimyakimya, na bado inashukuriwa kama mfadhili. Nafuu hiyo ilikuwa na sababu nzuri ya kulinda ajira, lakini haikufungwa na sharti lolote la kulinda ajira, na viwango vya zamani vya kodi ya mapato na ya ongezeko la thamani vilirejea tarehe 1 Januari 2021 bila kampuni yoyote kutakiwa kueleza ilifanya nini na tofauti hiyo.

Hatua ya sekta binafsi iliyowafikia watu wengi zaidi mwaka ule haikuwa na hundi. Tarehe 16 Machi 2020, siku tatu tu baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa, Safaricom ilieleza kwamba kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 kwa M-Pesa kungekuwa bure kwa siku 90, lengo likiwa kupunguza kupokezana noti na sarafu. Kiwango cha juu cha muamala mmoja nacho kilipandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 150,000, na Benki Kuu ya Kenya ikaongeza muda wa utaratibu huo hadi tarehe 31 Desemba 2020. Mama mboga aliyeuza sukuma wiki ya shilingi 30 na mteja wake walipata nafuu hiyo mara moja, bila kujaza fomu, bila orodha ya chifu na bila kamati ya kuamua nani ni maskini wa kutosha. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 mapato ya kampuni kutokana na M-Pesa yalipungua kwa takriban asilimia 2, ilhali thamani ya fedha zilizopita humo iliongezeka kwa zaidi ya nusu.

Takwimu hizo zinaweza kusomwa kwa njia mbili. Mwenye shaka atasema kwamba kampuni ilijinunulia mazoea ya wateja kwa bei rahisi, kwani mamilioni ya watu waliozoea kulipa kwa simu bila ada wangeendelea kulipa kwa simu ada zikirudi, na kweli zilirudi Januari 2021, isipokuwa kwa kiasi kisichozidi shilingi 100. Atakumbusha pia kwamba wakati huo serikali ilikuwa ikimiliki asilimia 35 ya hisa za Safaricom, kwa hiyo mdhibiti, mwanahisa na mnufaika wa sifa walikuwa karibu nyumba moja. Shaka hizo ni halali, na hata hivyo hatua hiyo ndiyo iliyosimama vizuri kuliko nyingine zote za mwaka ule, kwa sababu ilifanywa ndani ya shughuli yenyewe ya kampuni, ilikuwa na tarehe ya kuanza na ya kuisha, iliwekwa chini ya mdhibiti anayejulikana, na gharama yake ilionekana katika hesabu zilizokaguliwa. Ukarimu unaoweza kusomwa katika hesabu za mwaka ni bora kuliko ule unaosomwa katika taarifa kwa vyombo vya habari.

Upande wa bei ulikuwa na sura nyingine. Mwezi uleule wa Machi 2020, vitakasa mikono vilipoanza kugombewa madukani, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliagiza mnyororo mmoja wa maduka makubwa uwatafute wateja waliotozwa zaidi na kuwarudishia fedha, baada ya kubainika kwamba chupa za kitakasa zilikuwa zimepandishwa bei isivyo halali. Jambo hilo lilikuwa dogo kwa fedha na kubwa kwa maana: sheria ya ushindani, ambayo raia wengi hawajui kama ipo, ilifanya kwa barua moja kazi ambayo mahubiri ya uzalendo hayakuweza kuifanya.

Zabuni ndiyo ilikuwa mahali pa hatari kuliko pote. Mamlaka ya Ugavi wa Dawa na Vifaa Tiba ya Kenya, inayojulikana kwa kifupi kama KEMSA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2013, na utaratibu wake ni wa kibiashara kuliko wengi wanavyodhani: hununua dawa na vifaa kwa wingi, huvihifadhi katika maghala yake, kisha huviuzia serikali za kaunti 47 na hospitali za umma, na fedha zinazorudi hutumika kununua shehena nyingine. Utaratibu wa namna hiyo hutegemea jambo moja, kwamba bei ya KEMSA iwe ya chini kuliko bei ya soko au angalau ilingane nayo. Siku bei hiyo ikizidi ya soko, kaunti hazinunui, mali inakaa ghalani, na mtaji wa kununulia dawa za malaria, za kisukari na za kina mama wajawazito unakuwa umefungwa ndani ya maboksi ya barakoa.

Ndivyo ilivyotokea. Ripoti maalumu ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, iliyotolewa Septemba 2020, ilichunguza manunuzi ya Covid-19 ya takriban shilingi bilioni 7.8, na ikaeleza kwamba yalifanywa bila bajeti iliyoidhinishwa na kwa kukiuka masharti ya ununuzi wa moja kwa moja, yaani ununuzi ambao taasisi humchagua muuzaji mmoja bila kuyashindanisha makampuni mengine. Vifaa vya shilingi bilioni 6.3 vilikuwa bado ghalani. Barakoa za aina ya KN95 zilikuwa zimenunuliwa kwa shilingi 700 kila moja, na kwa kuwa bei ya dunia ilishuka upesi viwanda vya China viliporudi kazini na vya Kenya vilipoanza kushona, hapakuwa na mkurugenzi wa hospitali mwenye akili timamu ambaye angezinunua kwa bei ile. Miongoni mwa waliopewa ahadi za zabuni zilikuwamo kampuni zilizosajiliwa miezi michache tu kabla ya ugonjwa kuingia nchini, zisizo na historia yoyote ya kuuza vifaa vya hospitali.

Utetezi uliotolewa mara nyingi ni kwamba dharura haina muda wa kushindanisha bei. Utetezi huo una ukweli kidogo, kwa kuwa Machi na Aprili 2020 nchi tajiri zenyewe zilinyang'anyana shehena za barakoa katika viwanja vya ndege, na bei ya Jumatatu haikuwa bei ya Ijumaa. Lakini Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015 ilikwisha kuifikiria dharura: kifungu cha 103 kinaruhusu ununuzi wa moja kwa moja panapokuwa na haja ya haraka isiyotarajiwa, na kifungu kinachofuata kinataka bei ijadiliwe na mkataba uwe wa maandishi. Sheria ililegeza mashindano, haikufuta hesabu. Waliodai kubanwa na muda hawakueleza ni dakika ngapi zingehitajika kutazama tarehe ya usajili wa kampuni iliyoomba zabuni ya mabilioni.

Wananchi walilipokea jambo hilo kwa hasira isiyo ya kawaida. Mwezi Agosti 2020 runinga ya NTV ilirusha makala ya uchunguzi kuhusu waliotajirika kutokana na korona, vijana wakaandamana Nairobi tarehe 21 mwezi huo wakidai wezi wa fedha za Covid wakamatwe, polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Mkurugenzi mtendaji wa KEMSA alikuwa amesimamishwa kazi mwezi huohuo. Rais aliiagiza Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ikamilishe uchunguzi ndani ya siku 21, na tarehe 31 Agosti akaitaka Wizara ya Afya, ndani ya siku 30, iandae njia ya kutangaza zabuni zote katika tovuti ya wazi. Aprili 2021 bodi ya KEMSA nayo iliondolewa. Mjadala wote huo uliwahusu maafisa wa serikali. Vyama vya wafanyabiashara, vilivyokuwa mstari wa mbele katika kuchanga, havikusikika vikitangaza kumfukuza mwanachama au kumchukulia hatua ya nidhamu, na hapo ndipo wajibu wa sekta binafsi ulipopata mtihani wake halisi. Kila zabuni chafu ina sahihi mbili, na ya pili ni ya mkurugenzi wa kampuni.

Kuhusu wakurugenzi hao, Kenya ilikuwa na chombo ambacho kilichelewa kwa miezi michache. Marekebisho ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2019 yalizitaka kampuni kuweka sajili ya wamiliki halisi, yaani watu wa nyama na damu wanaofaidika na kampuni hata kama majina yao hayamo katika orodha ya wanahisa. Mfumo wa kielektroniki wa sajili hiyo ulifunguliwa Oktoba 2020, baada ya mikataba ya korona kusainiwa, tena bila kuwekwa wazi kwa raia wa kawaida. Kwa hiyo wakati wote wa sakata, magazeti na kamati za Bunge zilitumia wiki nyingi kutafuta jambo ambalo mezani pa msajili lingepaswa kupatikana kwa kubonyeza kitufe: kampuni hii ni ya nani.

Baadhi ya wafadhili waliisoma hali hiyo mapema wakaamua kupita pembeni. Wakfu wa kundi la benki ya Equity, familia ya mkurugenzi wake mkuu James Mwangi, na Wakfu wa Mastercard walitenga kwa pamoja shilingi bilioni 1.1, na fedha hizo zikanunua mavazi ya kujikinga kutoka viwanda vya ndani na kuyapeleka hospitali za umma na za mashirika ya dini. Faida za njia hiyo ni mbili, kwamba mhudumu wa afya alipata vazi bila kungoja zabuni, na fundi cherehani wa Kenya alipata kazi, kama ilivyokuwa pia katika kiwanda cha nguo cha kaunti ya Kitui kilichoanza kushona barakoa mapema. Hasara yake huonekana polepole: kila mfadhili anapojenga njia yake ya ugavi, taifa hubaki na njia nyingi ndogo ambazo hakuna anayezipanga pamoja, na hospitali ya mbali isiyo na rafiki katika bodi yoyote hubaki na ile ya serikali, ambayo sasa imepoteza hata wale wenye nguvu ya kuidai ifanye kazi vizuri.

Ushahidi kwamba vazi pekee halikutosha ulikuja Desemba 2020, wakati wauguzi, maafisa wa kliniki na kisha madaktari wa chama cha KMPDU walipogoma wakidai, pamoja na vifaa bora, bima ya afya na mishahara iliyocheleweshwa. Mfadhili hawezi kumlipa daktari mshahara wa kila mwezi wala kumkatia bima ya kudumu, na hafai kuombwa afanye hivyo. Kazi hiyo ni ya kodi, na kodi ilikuwa imepunguzwa.

Wafanyakazi wa sekta binafsi yenyewe walipata mtihani wao. Masoko ya maua ya Ulaya yalipofungwa mwezi Machi 2020, mashamba ya Naivasha yalitupa maua na kuwarudisha nyumbani maelfu ya vibarua, wengi wao wanawake, baadhi kwa likizo zisizo na malipo. Madereva wa malori ya masafa marefu nao walikwama Malaba na Namanga kwa siku kadhaa wakingoja kupimwa, wakilala ndani ya malori katika foleni za kilomita nyingi, huku watu wa miji ya njiani wakiwaogopa kama wabeba ugonjwa na serikali za Kenya, Uganda na Tanzania zikibishana ni cheti cha nani kikubaliwe. Mzigo ulikuwa wa mwenye mzigo, lori la mwenye lori, na barabara ya serikali, lakini gharama ya kungoja, kwa maana ya chakula, maji na choo, iliachwa kwa dereva. Katika taarifa za wajibu wa kampuni kwa jamii za mwaka ule ni rahisi kuona idadi ya ndoo za kunawia mikono zilizogawiwa sokoni kuliko kuona mstari mmoja kuhusu choo cha dereva.

Kwamba kampuni inaweza kufanya vizuri zaidi kwa kuanza na watu wake kulionekana Liberia miaka sita kabla. Shamba la mpira la Firestone huko Harbel, lenye wafanyakazi, familia zao na wakazi wengine wapatao 80,000, lilipata mgonjwa wa Ebola mwishoni mwa Machi 2014, wakati nchi haikuwa na mahali pa kumpeleka. Uongozi wa shamba ulianzisha wodi ya kutenga wagonjwa, ukatumia mavazi ya kushughulikia kemikali kama kinga, ukafuatilia waliowagusa wagonjwa na kuwafundisha walimu wa shule zake kuelimisha jamii, na kazi hiyo ikaelezwa katika ripoti ya kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, mwezi Oktoba mwaka huo. Kampuni hiyo imekuwa Liberia tangu mwaka 1926 na historia yake ya kazi na ardhi ina madoa mengi, wala ufanisi wa 2014 hauyafuti. Mfano huo unafundisha hata hivyo kwamba hospitali, shule na orodha ya wakazi, vitu ambavyo shamba lilikuwa navyo kwa sababu za kila siku, vilikuwa na thamani kuliko mchango wowote ambao ungetolewa baada ya ugonjwa kufika.

Afrika Kusini ilijaribu kutenganisha mchango na serikali. Mfuko wa Mshikamano ulizinduliwa tarehe 23 Machi 2020 ukiwa taasisi huru isiyo ya faida, chini ya uenyekiti wa Gloria Serobe, na nje ya mfuko huo familia tajiri za Rupert na Oppenheimer ziliahidi randi bilioni 1 kila moja kusaidia biashara ndogo. Mfuko ulijengewa bodi yake na ukaguzi wake, lakini uzuri wa mfuko mmoja haukuikinga nchi, kwani manunuzi ya serikali yenyewe yalijaa kashfa, na Waziri wa Afya Zweli Mkhize alijiuzulu Agosti 2021 kufuatia mkataba wa mawasiliano wa randi milioni 150 uliopewa kampuni yenye uhusiano na watu wake wa karibu. India ilikuwa na sheria tangu 2013 inayozitaka kampuni kubwa zitumie asilimia 2 ya faida yao kwa shughuli za jamii; mwaka 2020 michango kwa mfuko wa PM CARES wa Waziri Mkuu ilihesabiwa ndani ya wajibu huo, ilhali michango kwa mifuko ya mawaziri wakuu wa majimbo haikuhesabiwa, na maswali kuhusu ukaguzi wa mfuko huo yakafika mahakamani. Kwa jirani, Tanzania, marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliweka kifungu cha 105 kinachomtaka mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika. Kati ya njia hizo, ya Tanzania ina jambo moja la maana ambalo michango ya Kenya ya mwaka 2020 haikuwa nalo: mpango huandikwa kabla ya shida, na upande wa pili wa meza yupo mtu aliyechaguliwa na wananchi.

Mwaka 2021 swali lilihamia kwenye chanjo. Kenya ilipokea dozi za kwanza, zaidi ya milioni moja, tarehe 3 Machi kupitia mpango wa kimataifa wa COVAX, na wiki chache baadaye chanjo iliyoingizwa na wafanyabiashara ikaanza kutolewa katika vituo binafsi kwa malipo ya maelfu ya shilingi, hadi serikali ilipopiga marufuku uingizaji wa namna hiyo tarehe 2 Aprili kwa hofu ya chanjo bandia. Wapo waliolalamika kwamba serikali ilizima nguvu ya soko wakati ambapo dozi zilikuwa haba. Uamuzi ule ulikuwa sahihi, kwa kuwa foleni inayopangwa kwa uwezo wa kulipa ingemtanguliza meneja kijana mbele ya muuguzi na mzee, na ingeipa kila kampuni yenye fedha sababu ya kuacha kujali kama mfumo wa umma unafanya kazi.

Magonjwa hayajasubiri. Kenya ilithibitisha mgonjwa wa mpox tarehe 31 Julai 2024 katika mpaka wa Taveta, Rwanda ikatangaza Marburg mwezi Septemba mwaka huo, na Tanzania ikafanya hivyo Januari 2025 mkoani Kagera. Bunge la Kenya lina kazi mbili ambazo hazihitaji fedha nyingi: kuifungua sajili ya wamiliki halisi kwa kila raia pale kampuni inapouzia serikali chochote wakati wa dharura, na kuhakikisha kwamba bei ya kila kifaa inatangazwa siku mkataba unaposainiwa. Bodi za kampuni nazo zinaweza, bila kungoja sheria, kuandika katika ripoti ya mwaka walichouza serikalini wakati wa janga na kwa bei gani, nafuu ya kodi waliyopata, na idadi ya wafanyakazi waliobaki kazini, kando ya hesabu ya walichotoa. Bodi isipoandika, wenye hisa waulize katika mkutano mkuu wa mwaka, na waulize kabla ya mgonjwa mwingine wa kwanza kutangazwa.